Ngazi ya rekodi na nukta ya Simbu

Marehemu baba aliacha daftari moja lenye jalada gumu, ambamo alikuwa akiandika bei ya saruji, majina ya wadeni wake na, katikati ya hayo yote, muda wa wakimbiaji wa mbio ndefu kama alivyousikia redioni. Katika ukurasa mmoja ameandika: «Boston 1988. Hussein 2:08:43, Ikangaa 2:08:44», na namba ile ya mwisho ameipigia mstari mara mbili kwa nguvu hadi kalamu imetoboa karatasi. Juma Ikangaa wa Tanzania alikuwa amekimbia marathoni kwa zaidi ya saa mbili na kushindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu. Mwaka 1989 na 1990 alirudi Boston na kushika tena nafasi ya pili, lakini kati ya safari hizo mbili alishinda New York kwa 2:08:01, na ukurasa huo baba ameuzungushia duara.

Kazi yangu ya mchana ni kutunza hesabu za duka la pembejeo hapa Arusha, kwa hiyo majedwali si kitu kigeni kwangu. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba yale ninayoyafanya kwa mbolea na mbegu yangeweza kufanywa kwa kitu ninachokipenda. Niliamua kuhamisha namba za baba kwenye kompyuta, nikaziongezea rekodi zote za dunia za marathoni za wanaume kuanzia 2:09:36 ya Derek Clayton wa Australia, Fukuoka 1967, hadi 2:00:35 ya Kelvin Kiptum wa Kenya, Chicago 2023, kisha nikaziomba zijichore.

Mchoro wa kwanza ulikuwa wa aibu, na aibu yenyewe niliitangaza mwenyewe. Kwa haraka nilikuwa nimeandika muda kwa nukta, yaani 2:04:26 ikawa 2.0426, na 2:03:59 ikawa 2.0359. Grafu ikaonyesha kwamba Haile Gebrselassie wa Ethiopia mwaka 2008 aliiporomosha rekodi kama jiwe linalotupwa kisimani, wakati Patrick Makau, aliyekimbia 2:03:38 mwaka 2011, aliishusha kidogo tu. Nikamweleza rafiki yangu mmoja kwa kujiamini kwamba hatua ya Haile ilikuwa mara tatu ya ile ya Makau. Alikaa kimya kidogo, akachukua simu, akatoa, kisha akaniuliza tangu lini dakika imekuwa na sekunde mia moja. Kutoka 2:04:26 hadi 2:03:59 ni sekunde 27, lakini kompyuta, ambayo haijui saa ni nini usipoiambia, ilihesabu 67. Ile ya Makau ilikuwa sekunde 21 na ilibaki 21, kwa sababu haikuvuka dakika. Tangu siku hiyo kila muda naugeuza kwanza kuwa sekunde tupu: rekodi ya Clayton ni 7776, ya Kiptum ni 7235, na nikimaliza kupiga hesabu ndipo nazirudisha katika saa na dakika kwa ajili ya msomaji.

Kabla ya kuchora upya ilinibidi kuamua nani anaingia na nani anabaki nje, kazi ambayo kwa maoni yangu ni ngumu kuliko kuchora kwenyewe. Geoffrey Mutai alikimbia 2:03:02 Boston mwaka 2011, muda ambao hakuna aliyekuwa ameufikia wakati ule, lakini haukuwa rekodi kwa sababu njia ya Boston huanzia mahali fulani na kuishia mbali sana na hapo, na pia hushuka kwa zaidi ya mita 130, ilhali kanuni inaruhusu mteremko wa mita moja kwa kila kilomita. Eliud Kipchoge alikimbia 1:59:40 Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, lakini yale yalikuwa maonyesho yaliyoandaliwa kwa ajili yake, yenye vikundi vya wakimbiaji wa kumkinga upepo waliobadilishana zamu. Wote wawili nimewaweka kama duara tupu, lisilojazwa wino, ili waonekane bila kuchanganywa na wenzao. Ukiwafuta kabisa unaficha jambo lililotokea, na ukiwajaza wino unasema jambo ambalo halikutokea.

Baada ya hapo likaja suala la vipimo vya karatasi. Tofauti kati ya Clayton na Kiptum ni sekunde 541, ambayo ni kama asilimia saba ya muda wa Clayton. Nikichora kwenye eneo lenye urefu wa sentimita 20 na kuanzia sifuri, miaka hamsini na sita ya jasho la binadamu inashuka sentimita moja na nusu hivi, na mtu akiiona ataniuliza kama kweli kuna kilichobadilika. Nikianzia saa mbili kamili na kuishia 2:10, mstari uleule unaporomoka sentimita 18. Mchoro wa pili ndio niliouchagua, kwa kuwa ninachotaka kukionyesha ni mabadiliko, na kwa kuwa hakuna binadamu anayekimbia marathoni kwa sekunde sifuri. Lakini nimeandika kwa wino mwekundu pembeni kwamba karatasi inaanzia saa mbili, na duara tupu la Kipchoge linaning'inia chini kidogo ya mstari huo. Kama ningechora pau badala ya nukta nisingejiruhusu hilo, maana pau humfanya mtu alinganishe urefu wake wote, na ukiikata miguu unadanganya.

Kosa jingine nililolifanya, na ambalo naliona hata kwenye magazeti, ni kuunganisha rekodi moja na nyingine kwa mstari wa mteremko. Rekodi haishuki kidogo kidogo. Belayneh Densamo wa Ethiopia alikimbia 2:06:50 Rotterdam mwezi Aprili 1988, na namba hiyo ilikaa palepale hadi Septemba 1998, Ronaldo da Costa wa Brazili alipokimbia 2:06:05 Berlin. Mstari wa mteremko ungemfanya msomaji aamini kwamba mwaka 1993 rekodi ilikuwa kama 2:06:27, jambo ambalo si kweli hata kwa siku moja. Umbo lake halisi ni ngazi: unatembea tambarare, kisha unashuka ghafla. Nilipoichora hivyo, kile kipandio cha miaka kumi cha Densamo kilijitokeza kama baraza ya nyumba, na nikakumbuka kwamba kurasa za baba za miaka hiyo zimejaa bei ya saruji tu.

Mtu akishaiona ngazi hutaka kujua inaelekea wapi, nami sikuweza kujizuia. Kwa wastani rekodi imeshuka kama sekunde tisa na nusu hadi kumi kila mwaka tangu 1967. Nikichora mstari ulionyooka unaoshuka kwa wastani huo na kuusukuma mbele bila huruma, katika karne ya ishirini na nane mkimbiaji atafika kwenye utepe wakati uleule bastola inapolia, na mwaka unaofuata atakuwa amefika kabla ya kuondoka nyumbani. Hesabu haina kosa. Kosa ni kudhani kwamba kilichotokea ndani ya karatasi kitaendelea nje yake.

Zaidi ya hapo, rekodi ni kitu cha ajabu kitakwimu, kwa sababu haielezi wakimbiaji wa kawaida wanavyokwenda, inaeleza yule mmoja tu aliyekwenda mbali kuliko wote. Mpe mtoto dado tano na umwambie azirushe mara kumi, kisha uandike jumla kubwa kuliko zote aliyoipata. Mwambie azirushe mara elfu. Jumla kubwa itapanda, na dado hazijabadilika hata chembe. Watu wanaokimbia marathoni kwa kasi siku hizi, hasa kutoka Bonde la Ufa na nyanda za juu za Ethiopia, ni wengi mno kuliko wale wa miaka ya 1960, kwa hiyo sehemu fulani ya ngazi yangu ni wingi wa dado tu. Ni sehemu kubwa kiasi gani, nukta kumi na nane haziwezi kuniambia.

Rangi nazo zilinifundisha kitu. Nilipozipa nukta rangi kwa kufuata mji, Berlin ilitawala karatasi niliyoibandika ukutani: Paul Tergat 2003, Haile 2007 na 2008, Makau 2011, Wilson Kipsang 2013, Dennis Kimetto 2014, Kipchoge 2018 na 2022. Rekodi nane mfululizo katika mji mmoja. Njia ni tambarare, hali ya hewa ya Septemba ni ya ubaridi, na kuna wakimbiaji wa kuvuta kasi wanaolipwa kuongoza kilomita za mwanzo. Lakini mtu anayekusudia kuvunja rekodi huchagua Berlin kwa sababu hizohizo, kwa hiyo rangi ile inaonyesha vilevile mahali ambapo wenye uwezo huamua kwenda. Ni kama kusema hospitali kubwa zina wagonjwa mahututi wengi, kisha kuzilaumu. Suala la viatu vyenye soli nene na ubao wa kaboni ndani yake, vilivyoenea kuanzia 2017 hivi na kuwekewa kikomo cha milimita 40 mwaka 2020, nalo lina ugumu huohuo: viatu vilikuja pamoja na Kipchoge kufikia kilele chake, na karatasi yangu haiwezi kuwatenganisha.

Mchoro ninaoupenda kuliko yote ni mdogo, una mistari miwili tu. Mwaka 2022 Berlin, Kipchoge alikimbia nusu ya kwanza kwa 59:51 na ya pili kwa 61:18. Mwaka 2023 Chicago, Kiptum alikimbia nusu ya kwanza kwa 60:48 na ya pili kwa 59:47. Weka nusu ya kwanza kushoto na ya pili kulia, kisha unganisha: mmoja anapanda, mwingine anashuka, na mistari inakatana kama mkasi. Kama wangekuwa barabara moja siku moja, nao hawakuwa, Kipchoge angepita nusu ya njia akiwa mbele kwa sekunde 57, na Kiptum angefika akiwa amemtangulia kwa sekunde 34. Jumla pekee, 2:01:09 na 2:00:35, isingekuambia kwamba hawa ni watu wawili wenye tabia mbili tofauti kabisa barabarani. Kiptum alikuwa na karatasi yake pia, yenye nukta tatu: Valencia 2:01:53, London 2:01:25, Chicago 2:00:35. Alishinda zote. Alifariki kwa ajali ya gari mwezi Februari 2024 akiwa na miaka 24, na sijawahi kupitisha mstari wowote katikati ya nukta zile tatu.

Wanawake nao wana ngazi yao kwenye karatasi ya pili, yenye kipandio kirefu zaidi: 2:15:25 ya Paula Radcliffe ilidumu kuanzia 2003 hadi Brigid Kosgei alipokimbia 2:14:04 mwaka 2019, kisha Tigst Assefa akaishusha kwa dakika mbili na ushee, 2:11:53, Berlin 2023. Siku hiyohiyo Magdalena Shauri wetu alishika nafasi ya tatu kwa 2:18:41. Karatasi hiyo bado naifanyia kazi.

Sasa nije kwa Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, kwa sababu yeye ndiye aliyeuvuruga ukuta wangu. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 15 Septemba 2025 tulikuwa macho sebuleni, mimi na mpwa wangu wa kidato cha tatu, sauti ya televisheni tukiwa tumeipunguza ili wengine walale. Simbu aliingia uwanjani Tokyo akiwa nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani, akamkamata kwenye mita za mwisho, na wote wawili wakaandikiwa 2:09:48. Ilibidi picha itazamwe. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03, na medali ya dhahabu ya mashindano ya dunia ikaja Tanzania kwa mara ya kwanza. Nilipiga hesabu asubuhi: kwa mwendo wao wa wastani sekunde 0.03 ni sentimita kumi na sita, na kwa kuwa walikuwa wanatimka, tuseme shibiri moja. Nilimfikiria baba na ile sekunde yake moja aliyoipigia mstari mara mbili.

Jioni yake nikatia nukta ya Simbu kwenye karatasi ya ngazi, kwa kalamu ya kijani. Mpwa wangu alisogea, akatazama, akakunja uso.

«Mjomba, mbona umeiweka huku juu kabisa?»

«Ndipo inapostahili. Ni 2:09:48.»

«Sasa si iko juu ya huyu wa 1967? Yaani bingwa wa dunia wa leo ameachwa na mtu wa zamani zile?»

Alikuwa sahihi. Muda wa Simbu ni kama sekunde kumi na mbili zaidi ya ule wa Clayton. Kwenye karatasi ile, shujaa wetu alionekana kama mtu aliyechelewa basi kwa miaka hamsini na minane. Nilitaka kumjibu kwa maneno, kwamba Tokyo kulikuwa na joto na unyevu, kwamba katika mashindano ya dunia hakuna wa kuvuta kasi na watu hukimbia wakiviziana, lakini kijana huyu siku hizi haridhiki na maneno. Aliniambia, «Basi nionyeshe kwa namba, Mjomba.»

Namba ya kwanza ilikuwa rahisi: mwezi Aprili mwaka huohuo, Simbu huyuhuyu alikimbia Boston kwa 2:05:04 na kuwa wa pili. Hata tukikumbuka mteremko wa Boston, dakika nne na sekunde 44 ndani ya miezi mitano haziwezi kuwa kupungua kwa uwezo. Namba nyingine tulizitafuta pamoja. Tulikusanya muda wa mabingwa wa dunia wa marathoni tangu 2009: Abel Kirui 2:06:54 Berlin, na tena 2:07:38 Daegu; Stephen Kiprotich wa Uganda 2:09:51 Moscow; Ghirmay Ghebreslassie wa Eritrea 2:12:28 Beijing; Geoffrey Kirui 2:08:27 London; Lelisa Desisa 2:10:40 Doha, mbio zilizoanza dakika moja kabla ya saa sita usiku ili kulikimbia joto; Tamirat Tola 2:05:36 Eugene; Victor Kiplangat wa Uganda 2:08:53 Budapest; na Simbu. Tukazitia kwenye karatasi ya manila kwa vipimo vilevile, sentimita mbili kwa kila dakika.

Hapo hapakuwa na ngazi. Palikuwa na wingu. Nukta zilipanda na kushuka bila kufuata mwaka, zikitawanyika kwa karibu dakika saba kutoka iliyo chini hadi iliyo juu. Mpwa wangu alipiga wastani kwa mkono, kwa kuwa nilimkataza kugusa kompyuta, akapata 2:08:55. Akazipanga kwa ukubwa na kuchukua ya katikati, akapata 2:08:53. Alishangaa namba hizo mbili kukaribiana namna ile, nikamwambia kwamba hutokea wingu linapokuwa halijaegemea upande mmoja. Simbu alikuwa sekunde 53 tu kutoka kwenye wastani, ndani kabisa ya wingu, akiwa jirani wa Kiprotich. Kijana aliishika kalamu ya kijani, akaizungushia nukta ile duara, pasipo mimi kumwambia, kama babu yake alivyoizungushia New York.

Nilidhani tumemaliza. Nilianza kukusanya rula na gundi, ndipo akauliza Akhwari tutamweka wapi.

John Stephen Akhwari kila mtoto wa Kitanzania anamjua: Mexico 1968, goti lililofungwa bandeji, uwanja uliokuwa umeanza kuwa mtupu. Wakimbiaji 75 walianza na 57 wakamaliza, naye akiwa wa 57, kwa 3:25:27. Nilimweleza kwamba katika takwimu nukta ya namna hiyo, iliyo mbali na nyingine zote, mara nyingi huwekwa kando kwa kuwa huvuta wastani na kulazimisha karatasi iwe kubwa mno. Akasema karatasi anayo.

Kwa sentimita mbili kwa dakika, Mamo Wolde wa Ethiopia, aliyeshinda siku ile kwa 2:20:26, anakaa karibu sentimita 41 juu ya mstari wa saa mbili. Akhwari anakaa sentimita 171. Manila ya kwanza iliishia njiani. Tukabandika ya pili juu yake, kisha ya tatu, tukapita kalenda, tukapita saa ya ukutani ambayo ilibidi niihamishe. Kati ya Wolde na Akhwari kuna sentimita 130 za karatasi nyeupe isiyo na kitu, kwa sababu wale wengine 55 hatujawachora bado. Mpwa wangu alipanda juu ya kiti, nikamshikilia miguu, akanyoosha mkono hadi karibu na dari na kutia nukta. Akauliza kama aizungushie duara. Nikamwambia azungushie.